Jaribio la `git push` linapokula bando: dalili, sababu, na badiliko ninalolipendekeza

“Maalim, hili jaribio linakula bando.”

Ujumbe uliniingia baada ya isha. Mimi niko Kikwajuni, mwenzangu yuko Chake Chake, na kompyuta yake ameiunga na intaneti ya simu. Sisi wawili tunatunza hazina ya kamusi ya Kipemba: maneno, maana zake, na sauti za wazee wenyewe wakiyatamka, kutoka Kojani, Micheweni na Wete. Alikuwa ameandika `git push --dry-run`, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya mafaili) niliyomfundisha mimi, tena kwa kumhakikishia kwamba haitumi kitu.

“Haiwezi, mwanangu. Hiyo inajaribu tu.”

Akaniletea picha ya kioo cha kompyuta yake. Mstari wa mwisho ulikuwa huu:

```
Uploading LFS objects:  43% (3/7), 402 MB | 290 KB/s
```

MB 402 zilikuwa zimeshaondoka. Nilimwandikia aikate amri upesi kwa Ctrl na C, lakini bando lilikwisha kabla hajausoma ujumbe wangu. Tangu usiku ule nimezipitia nyaraka za Git na kodi yake kuhusu jambo hili moja, na nilichokikuta ni hiki: upande wa seva, jaribio linafanya kidogo kuliko tunavyodhani, upande wa kompyuta yako, linafanya mengi kuliko tunavyodhani. Matatizo yote yaliyomo humu yanatoka kwenye moja ya pande hizo mbili.

Kinachotendeka hasa ukijaribu

Humu ndani, komiti ni badiliko ulilolihifadhi kwenye historia ya hazina, kusukuma ni kupeleka komiti zako kwenye seva, na kuvuta ni kuzichukua za wenzako kutoka huko. Ndoano ni skripti ambayo Git huiendesha yenyewe tendo fulani linapokaribia. Jaribio ni `git push --dry-run`, au kwa mkato `git push -n`.

Nyaraka za Git zinalieleza jaribio kwa mstari mmoja: hufanya kila kitu isipokuwa kutuma mabadiliko yenyewe. Maneno hayo ni ya kweli, neno kwa neno, na ndiyo yanayowapoteza watu. Git inaungana na seva kwelikweli. Inajitambulisha kwa ufunguo au nywila yako. Inapokea orodha ya matawi (mikondo ya kazi, kama `main`) na tagi (majina yaliyobandikwa kwenye komiti fulani) zilizoko kule, kila jina na komiti linayoielekeza. Inailinganisha orodha hiyo na ya kwako, inaamua tawi lipi litasogea, lipi ni jipya, lipi haliwezi kusogea ila kwa nguvu. Kisha inaendesha ndoano ya `pre-push`, kama unayo. Hapo ndipo inaposimama. Furushi la data halifungwi wala halitumwi, na seva haiulizwi kama ingelipokea.

Dalili: amri imepita, lakini seva haina kitu

Hii ni nyepesi, na huwapata hata wazoefu. Mtu anasema ameshasukuma, ameona `main -> main` kwa macho yake, mwenzake akivuta hapati kitu. Muulize aliandika nini, herufi kwa herufi. Uwezekano mkubwa aliandika `git push -n`.

Kwenye `git commit`, `-n` ni mkato wa `--no-verify`, yaani ruka ndoano. Kwenye `git push`, herufi hiyohiyo ni mkato wa `--dry-run`. Aliyezoea kuruka ndoano anapokomiti huja na mazoea yake kwenye kusukuma, kumbe anajaribu tu. Na kinachochapishwa hakimsaidii kugundua, kwa sababu jaribio huandika mistari ileile ya kusukuma kweli:

```
To seva:kamusi.git
   4f2c1a9..8be07d3  main -> main
```

Hakuna mahali palipoandikwa kuwa hili lilikuwa jaribio. Utalijua kwa kisichokuwepo: ile mistari ya kuhesabu na kuandika data, kama `Writing objects`, haionekani. Hakikisha kwa `git status`. Ikikwambia bado umeitangulia `origin/main`, yaani `main` ya seva kama kompyuta yako inavyoijua, basi hakijatoka kitu. Na ukitaka kuruka ndoano unaposukuma, andika `--no-verify` kwa ukamilifu wake, maana kwenye `git push` haina mkato.

Dalili: jaribio limepita, kusukuma kweli kumekataliwa

Soma kilichomo ndani ya mabano ya mraba kabla hujafanya lolote.

Ukiona `[rejected]` peke yake, aliyekataa ni Git ya kwenye kompyuta yako. Seva ina komiti usizokuwa nazo (`fetch first`), au historia mbili zimeachana njia (`non-fast-forward`), au umetumia `--force-with-lease` na mtu ameshalisogeza tawi (`stale info`). Haya yote jaribio huyaona, kwa kuwa yanajulikana kwa kulinganisha orodha mbili tu. Kama jaribio lilipita dakika 10 zilizopita na sasa unaona hili, ujue mwenzako kasukuma katikati. Vuta, unganisha, sukuma tena.

Ukiona `[remote rejected]`, aliyekataa ni seva yenyewe, na hilo jaribio halilioni hata ulirudie mara mia. Sababu hufuata kwenye mabano: `pre-receive hook declined`, au `protected branch hook declined` ikiwa tawi linalindwa, au `branch is currently checked out` ikiwa umesukuma kwenye hazina yenye mafaili ya kazi badala ya ile iliyoundwa kwa `--bare`.

Sisi tuliumia hapa mwanzoni kabisa. Dakika 1 ya sauti ya WAV ya stereo, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, ni takriban MB 10.6. Mzee wa Kojani akikuelezea majina ya pepo kwa nusu saa, kaskazi na kusi na matlai na nyakati zake, umeshapita MB 300 kwenye faili moja. Tuliliweka faili kama lilivyo ndani ya komiti. Jaribio likapita. Tukasukuma kweli, MB 300 zikapanda zote, na mwisho kabisa seva ikakataa. GitHub, kwa mfano, huonya faili linapozidi MiB 50 na hulikataa likizidi MiB 100, na seva nyingi nyengine zina mipaka yao. Jaribio halikujua chochote kwa sababu seva haikagui ahadi, inakagua data, na data haikutumwa.

Je, seva ingeweza kukagua bila kuhifadhi? Ingeweza, na vifaa vyake vimo ndani ya Git tayari. Tangu toleo 2.11 la mwaka 2016, data inayopokelewa hukaa kwanza kwenye karantini mpaka ndoano ya `pre-receive` ikubali. Ikikataa, data yote hutupwa. Kama seva ni yako, unaweza kujitengenezea jaribio la kweli. Kwenye hazina ya seva ruhusu chaguo za kusukuma:

```
git config receive.advertisePushOptions true
```

Halafu mwisho wa `pre-receive`, baada ya ukaguzi wako wote, weka hivi:

```
if [ "$GIT_PUSH_OPTION_0" = "jaribio" ]; then
    echo "Ukaguzi umepita. Hakuna kilichohifadhiwa."
    exit 1
fi
```

Ukisukuma kwa `git push -o jaribio origin main`, utaona sentensi hiyo ikitanguliwa na `remote:`, kisha seva ikatae kama ulivyoitaka ikatae. Lakini fahamu gharama yake: data yote inapanda, na kesho itapanda tena. Aliye kwenye faiba ya ofisini hatajali. Aliye Micheweni kwa simu, simshauri.

Kama seva si yako, sukuma kwanza kwenye tawi la pembeni: `git push origin main:refs/heads/majaribio`. Kanuni za ukubwa wa faili kwa kawaida hazibagui tawi, kwa hiyo zitajitokeza hapo. Kanuni za kulinda `main` hazitajitokeza. Na likikubaliwa, data imeshafika, hutailipia mara ya pili.

Mkasa ule wa MB 300 ndio uliotufanya tuhamie Git LFS, ambayo huweka mafaili makubwa pembeni na kuacha vielekezi vidogo ndani ya komiti. Na LFS ndiyo iliyotuletea mkasa wa bando.

Dalili: jaribio linafanya kazi kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo pendekezo langu linapoanzia.

Dalili zake ni za namna nyingi. Bando linapungua wakati wa jaribio. Jaribio linachukua dakika 10. Vipimo vya programu vinaendeshwa vyote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa amri iliyoahidi kutazama tu. Au watu wanapata taarifa ya jambo ambalo halijatokea, kama ilivyotupata sisi: nilikuwa nimeandika ndoano inayowapelekea wakusanyaji wa maneno ujumbe wa simu kwamba toleo jipya limepanda, wavute. Kila nilipojaribu, ujumbe ulikwenda. Ulikwenda hata pale Git iliposema `Everything up-to-date`, maana ndoano huendeshwa hata kama hakuna cha kusukuma. Bibi mmoja anayetukusanyia maneno kule Micheweni alivuta mara tatu kwa siku moja bila kupata kitu, akadhani kompyuta yake ndiyo mbovu.

Chanzo ni kimoja: `git push --dry-run` huendesha ndoano ya `pre-push` kama ilivyo, na ndoano haiambiwi kwamba hili ni jaribio. Ndoano hii imekuwemo ndani ya Git tangu toleo 1.8.2 la mwaka 2013. Inapewa vitu viwili kwenye mstari wa amri, jina la seva na anwani yake, na kupitia ingizo sanifu (`stdin`) inapewa mistari ya namna hii: tawi la kwako, komiti yake, tawi la seva, komiti yake. Basi. Iwe unajaribu, iwe unasukuma kweli, inachokiona ni kilekile. Skripti ya LFS hufanya inachopaswa kufanya kila mara, yaani kupandisha mafaili makubwa kabla komiti hazijafika.

Jinsi ya kuhakikisha. Usiendeshe jaribio tena ili uone, utalipa mara ya pili. Tafuta ndoano iliko, uisome:

```
git rev-parse --git-path hooks/pre-push
```

Amri hii inajua kama umehamisha ndoano kwa `core.hooksPath`, ndiyo maana ni bora kuliko kuchungulia `.git/hooks` kwa mkono. Ukiifungua na kukuta `git lfs pre-push "$@"`, umeshampata mwizi wa bando. Ukikuta `curl`, `scp`, au jina la programu ya kujenga mradi, ndiye huyo mwengine.

Kuizuia kwa leo ni rahisi:

```
git push --dry-run --no-verify
```

Kwa wenye LFS pekee, `GIT_LFS_SKIP_PUSH=1 git push --dry-run` inatosha, na ukitaka kujua mafaili gani yangepanda, `git lfs push --dry-run origin main` itakuorodheshea bila kuyapandisha. Lakini nakusihi: chaguo hizi mbili za kwanza zibaki kwenye jaribio tu. Ukisukuma kweli huku LFS imerukwa, vielekezi vitafika na sauti hazitafika. Baadhi ya seva hulikataa jambo hilo. Nyengine hupokea kimya, na atakayevuta baadaye atapata faili la maandishi la mistari mitatu mahali pa sauti ya mzee.

Jambo moja la kumpa moyo aliyekwishaumia: LFS hupandisha kila faili kivyake, na kabla ya kupandisha huiuliza seva lipi inalo tayari. Yale mafaili matatu yaliyofika usiku ule hayakupanda tena mwenzangu aliposukuma kweli wiki iliyofuata. Yaliyokatika katikati ndiyo yaliyopotea.

Kwa ndoano unayoiandika mwenyewe, ushauri wangu wa kwanza ni kuitoa kazi ya kutangaza humo moja kwa moja. `pre-push` huendeshwa kabla data haijatumwa, kwa hiyo hata unaposukuma kweli inatangaza jambo ambalo bado linaweza kukataliwa. Mahali pa tangazo ni `post-receive` kwenye seva. Mimi nilihamisha ujumbe wa simu huko siku ya pili yake. Yatakayobaki kwenye `pre-push` yawe ukaguzi tu, na kama ukaguzi ni mzito, ipe ndoano njia ya kujua:

```
git config --global alias.jaribu '!JARIBIO=1 git push --dry-run'
```

na ndani ya ndoano:

```
if [ -n "$JARIBIO" ]; then
    exit 0
fi
```

Mstari huo uwekwe baada ya ukaguzi mwepesi na kabla ya mzito. Sasa `git jaribu` inafanya kile ambacho mwenzangu alidhani anakifanya. Udhaifu wake ni kwamba unamtegemea mtu akumbuke. Atakayeandika `git push -n` kwa mazoea, ndoano haitajua.

Nimeona watu wakijaribu kuizunguka shida hii kwa kuifanya ndoano ichungulie mstari wa amri wa mchakato mzazi, kwa `ps -p $PPID`, na kutafuta neno `--dry-run`. Sikushauri. Mtu ataandika `-n`. Mwengine ataandika `--dry`, na Git itamwelewa. Mwengine atapitia programu ya madirisha isiyoonesha kitu. Ndoano inayobahatisha ni mbaya kuliko isiyojua, maana siku itakayokosea kuelekea upande mwengine, itaruka kupandisha mafaili kwenye kusukuma kweli.

Dalili: jaribio halisemi mzigo una uzito gani

Jaribio linakwambia `main` itasogea kutoka komiti hii hadi ile. Halikwambii ni KB 40 au MB 400, kwa sababu furushi halikufungwa. Kwa anayenunua intaneti kwa kipimo, hilo ndilo swali la kwanza. Unaweza kulifunga furushi mwenyewe na kulipima bila kutumia intaneti:

```
printf 'main\n^origin/main\n' |
  git pack-objects --revs --thin --stdout -q | wc -c
```

Namba inayotoka ni baiti zitakazopanda kwa makadirio ya karibu sana. Kuanzia Git 2.31 ipo pia `git rev-list --objects --disk-usage origin/main..main`, ambayo ni ya haraka zaidi ila hukupa ukubwa wa data ilivyokaa kwenye diski, si furushi litakalotumwa. Zote mbili hazihesabu mafaili ya LFS.

Ukikuta mzigo ni mzito na mtandao ni wa kukatikakatika, usisukume kwa mkupuo. `git push` ikikatika haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Panda kwa ngazi: `git push origin main~20:main`, kisha `main~10:main`, kisha `main`. Kila ngazi inayofika imefika.

Badiliko lenyewe

Kabla ya kupendekeza, ionyeshe shida kwa namna ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia. Hii haihitaji seva wala intaneti, nimeiendesha hata mtandao ukiwa haupo:

```
cd $(mktemp -d)
git init --bare seva.git
git init kazi && cd kazi
git commit --allow-empty -m "mwanzo"
git remote add origin ../seva.git
printf '#!/bin/sh\necho nimeendeshwa >&2\n' > .git/hooks/pre-push
chmod +x .git/hooks/pre-push
git push --dry-run origin HEAD
git --git-dir=../seva.git branch
```

Utaona `nimeendeshwa`, na amri ya mwisho haitatoa tawi lolote. Ndoano imefanya kazi, seva haina kitu.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kwamba jaribio liache kabisa kuendesha ndoano. Mimi pia lilinijia, na nimeliacha. Wapo wanaotumia `git push -n` makusudi ili kuona kama ukaguzi wa `pre-push` utapita kabla ya kutuma. Ukiiondoa ndoano, jaribio litaanza kupita mahali ambapo kusukuma kweli kutakwama, na kwao hiyo ni kasoro mpya mahali pa ile ya zamani. Isitoshe nyaraka zimesema kila kitu isipokuwa kutuma. Tabia iliyoandikwa na kutegemewa kwa miaka haibadilishwi kwa sababu imetuumiza sisi wawili.

Wazo la pili ni kuongeza neno la tatu kwenye mstari wa amri wa ndoano. Tatizo liko kwenye ule mstari wa LFS, `git lfs pre-push "$@"`, na skripti nyingi kama huo: zinapeleka mbele kila zinachopewa. Neno jipya litaingia kwenye programu ambazo hazikulitarajia. Vivyo hivyo kuongeza mstari kwenye ingizo sanifu: kila skripti inayosoma sehemu nne kwa mstari itauona kama tawi bovu.

Ninachokipendekeza ni kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina ambayo programu huirithisha kwa programu inayoiita, kama ile `JARIBIO=1` ya juu. Git iiwekee ndoano kigeu, tuseme `GIT_PUSH_DRY_RUN=1`, inapokuwa ni jaribio, na isikiweke kabisa inapokuwa ni kusukuma kweli. Jina hilo ni langu, halimo kwenye Git leo. Ndoano isiyokijua haitabadilika hata kidogo. Inayokijua itaamua yenyewe: ya ukaguzi itaendelea kukagua, ya LFS itaorodhesha badala ya kupandisha. Njia hii si ngeni ndani ya Git. Chaguo za kusukuma nilizozitaja juu hufika kwa ndoano za seva kwa vigeu vivyo hivyo, `GIT_PUSH_OPTION_COUNT` na wenzake.

Atakayepinga atauliza kwa nini wenye ndoano wasijitengenezee kigeu chao kama nilivyofanya kwa `JARIBIO`. Jibu ni kwamba mtu anaweza kukubaliana na mwenzake wa Chake, lakini hawezi kukubaliana na waandishi wa kila ndoano duniani. LFS haiwezi kuusoma mkataba wetu wa ndani. Na LFS haiwezi kuacha kutenda kazi ndani ya `pre-push`, kwa sababu sauti sharti zitangulie vielekezi. Anayejua kwa yakini kwamba hili ni jaribio ni Git peke yake.

Mercurial iliikwepa shida hii kwa kutenganisha: `hg outgoing` huiuliza seva na kuorodhesha mabadiliko ambayo haijayapata, bila kujifanya inasukuma. Ni muundo safi, lakini Git ina jaribio lake na watu wake, na kuwaongezea amri mpya hakuondoi mtego uliopo.

Upo ukingo mmoja ambao kiraka, yaani badiliko la kodi ninalowapelekea watunzaji wa Git, kisipouangalia kitaleta madhara makubwa kuliko bando. Kigeu cha mazingira hurithiwa. Kuna ndoano ambazo zenyewe huita `git push` kwenda kwenye seva ya pili ya akiba. Mtu akijaribu, ndoano ya nje itaona kigeu. Ikiita kusukuma kweli ndani yake, ndoano ya ndani itakirithi na kudhani nayo inajaribu, iache kupandisha sauti, na seva ya akiba ibaki na vielekezi vitupu. Kwa hiyo kila `git push` sharti ikiondoe kigeu hicho inapoanza, ndipo ikiweke upya ikiwa yenyewe ni jaribio. Kipimo cha hali hiyo kiwemo ndani ya kiraka tangu siku ya kwanza, pamoja na vyengine viwili: kwamba kigeu kipo kwenye jaribio, na kwamba hakipo kwenye kusukuma kweli.

Nimeambatanisha na ombi la pili dogo: Git ichapishe mstari wa kumwambia mtu kuwa hili lilikuwa jaribio. Uandikwe kwenye njia ya makosa (`stderr`), si kwenye matokeo ya kawaida, ili skripti zinazosoma `--porcelain`, yaani matokeo yaliyopangwa kwa ajili ya programu, zisivurugike. Watunzaji wa Git wakilikataa hili na kulikubali la kigeu, nitaridhika.

Ombi la seva ikague bila kuhifadhi nimeliacha nje. Linahitaji pande zote mbili za mazungumzo zibadilike, na hata likifanikiwa data itapanda yote ili ikaguliwe, jambo ambalo kwa mtu wa Pemba halipunguzi hata MB 1.

Kiraka kina nyaraka za `pre-push` zilizoongezwa aya moja, mistari michache kwenye kodi ya kusukuma, na vipimo vitatu. Kile cha seva ya akiba ameandika mwenzangu wa Chake. Aliniletea mchana, na chini yake ameniandikia: “Maalim, hiki nimekiendesha bila bando.”